Ua Linalomngoja Mnunuzi: Kulima na Kukausha Statisi



Maua mengi hayana subira. Waridi likikatwa asubuhi na kukosa maji, jioni limekwisha kuinamisha kichwa. Mkulima wa maua ya namna hiyo hana nguvu mbele ya mnunuzi. Mnunuzi akitaja bei ndogo, mkulima hana budi kukubali. Akikataa leo, kesho maua yake ni takataka.

Lipo ua jingine lenye tabia tofauti. Ua hilo linaitwa statisi. Statisi ikikatwa vizuri na kukaushwa vizuri, hukaa mwaka mzima na zaidi bila maji, na rangi yake hubaki. Ua hili linaweza kumngoja mnunuzi. Na mkulima mwenye mali inayongoja, naye anaweza kungoja.

Katika somo hili tutaona jinsi ya kulima statisi, kuikata, kuikausha na kuiuza. Tutafanya pia hesabu ya tuta moja. Soma polepole. Pale usipoelewa, rudia, au mwulize mwenzako darasani.

1. STATISI NI UA GANI?

Asili ya statisi ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, yaani kusini mwa Ulaya, kaskazini mwa Afrika, na nchi za Mashariki ya Kati zilizo kando ya bahari hiyo. Huko huota yenyewe karibu na pwani, kwenye mchanga na mawe. Mmea huu huvumilia chumvi. Majani yake yana vitundu vidogo sana vya kutolea chumvi nje.

Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, aliuandika mmea huu katika kitabu chake kwa jina la Statice. Baadaye wataalamu walibadili jina wakauita Limonium. Lakini wakulima na wachuuzi wa maua walishika jina la zamani, na ndilo tunalolitumia hapa.

Majani ya statisi hulala chini, yamezunguka shina kama sahani. Katikati hutokea vijiti virefu vya kijani vyenye mapezi membamba pande zote. Juu ya vijiti hivyo hukaa vichala vya maua. Rangi ni nyingi: zambarau, buluu, nyeupe, waridi na manjano.

Sasa chunguza jambo moja. Rangi hiyo tunayoiona si ya ua lenyewe. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, nalo hukauka na kuanguka upesi. Chenye rangi ni kikombe kilichoshika ua hilo. Kikombe hicho ni chembamba na kikavu, kama karatasi. Kina maji kidogo sana hata kikiwa bado shambani. Ndiyo sababu statisi hainyauki kama maua mengine.

2. MAHALI PANAPOIFAA

Statisi hupenda mambo manne:

(a) Ubaridi wakati wa uchanga. Miche ikipata wiki kadhaa za ubaridi, hutoa maua mapema na mengi. Ikikulia kwenye joto kali tangu mwanzo, huota majani mengi na kuchelewa kuchanua.

(b) Jua la kutosha. Usiipande chini ya migomba wala chini ya miti.

(c) Udongo usiotuamisha maji. Maji yakisimama, shina huoza.

(d) Mahali penye hewa inayopita.

Kwa hiyo statisi ni zao la nyanda za juu. Nchini Kenya maua ya namna hii hulimwa katika sehemu zenye baridi kama Limuru na Kinangop. Katika miaka ya 1980 statisi ilikuwa miongoni mwa maua ambayo Kenya iliyauza Ulaya. Nchini Tanzania, sehemu kama Lushoto na Njombe zina ubaridi unaofanana na huo. Msomaji wa Mombasa au Tanga mjini asihangaike. Ingawa ua hili lilitoka pwani, pwani ya kwao huwa na majira ya baridi. Pwani yetu haina.

3. ANZA NA SOKO, USIANZE NA MBEGU

Mahindi yakikosa mnunuzi, watoto watakula ugali. Viazi vikikosa mnunuzi, tutavichemsha. Je, statisi ikikosa mnunuzi, tutakula nini? Ua halipikwi.

Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu, tafuta kwanza ni nani atakayenunua. Nenda mjini siku ya soko. Uliza kwenye maduka ya maua. Uliza kwenye hoteli, maana hoteli hupamba meza. Uliza wale wanaopamba kumbi za harusi na makanisa. Waulize mambo haya, na uyaandike katika daftari:

- Wanataka rangi gani?
- Wanataka vijiti vya urefu gani?
- Wanataka maua mabichi au makavu?
- Wananunua miezi gani?
- Wanalipa siku ile ile, au baadaye?

Mwaka wa kwanza lima tuta moja tu. Usiling'oe shamba la chakula. Tuta moja litakufundisha kazi, na likiharibika, nyumba yako haitalala njaa.

4. KITALU

Chagua wakati kwa kuhesabu kurudi nyuma. Maua hukaushwa vizuri wakati wa kiangazi. Katika nyanda za juu za Kenya, Januari na Februari huwa na jua na ukavu. Tangu kuatika mbegu hadi kukata maua ya kwanza ni miezi mitano hivi, au sita kama baridi ni kali. Basi atika mbegu mwanzoni mwa Julai au Agosti. Hapo miche itapata baridi ya majira hayo, na maua yatakuwa tayari mvua za vuli zikiwa zimepita.

Nunua mbegu kwenye duka linaloaminika. Mbegu unazochuma mwenyewe huweza kuota, lakini mimea ya rangi mbalimbali ikikaa pamoja, nyuki huchanganya chavua zake. Ukipanda mbegu hizo hutajua utapata rangi gani. Mnunuzi aliyeagiza zambarau hatataka manjano.

Tengeneza kitalu hivi:

Lainisha udongo. Changanya na mchanga kidogo na mboji iliyooza vizuri. Chora mifereji yenye kina kifupi, kama nusu ya ukucha. Weka mbegu moja moja, usizirundike. Zifunike kwa udongo mwembamba tu. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo. Tandaza nyasi juu ya kitalu.

Baada ya siku 5 hadi 14 mbegu huota. Zikianza kuchungulia, ondoa nyasi mara moja. Jenga kichanja kifupi cha kuzuia mvua kubwa, lakini acha mwanga uingie. Mwagilia asubuhi, si jioni. Miche inayolala imelowa hupata ukungu.

5. SHAMBANI

Baada ya wiki 6 hadi 8, mche huwa na majani manne hadi sita. Sasa uhamishie shambani.

Inua tuta kidogo ili maji yapite. Changanya samadi iliyooza, lakini usizidishe. Mbolea nyingi ya kukuza majani hufanya vijiti kuwa laini, navyo huvunjika na kupinda. Kijiti cha kukaushwa chapaswa kuwa kigumu.

Panda nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche, na sentimita 30 kati ya mstari na mstari. Usifukie kitovu cha mche, yaani pale majani yanapotokea. Kikifukiwa, huoza.

Mwagilia mara kwa mara wiki tatu za kwanza. Mmea ukishika, punguza maji. Statisi huvumilia ukavu kuliko unyevu. Mwaga maji chini kwenye udongo, usiyamwage juu ya maua. Palilia kwa jembe dogo, taratibu, usije ukakata mizizi.

6. MARADHI NA WADUDU

Adui mkubwa wa statisi ni ukungu wa kijivu. Huja wakati wa mvua na ukungu wa asubuhi. Maua hupata madoa ya kahawia, kisha hufunikwa na kitu kama vumbi la kijivu. Kata vijiti vilivyopata ugonjwa, uvipeleke mbali na shamba, uvifukie. Usipande mimea kwa kubanana.

Ugonjwa mwingine ni kuoza kwa kitovu. Mmea hulegea ghafla, na ukiuvuta huchomoka. Ung'oe. Usipande tena statisi mahali pale pale mwaka unaofuata. Panda mahindi.

Wako pia vidukari, wanaofyonza majani machanga, na wadudu wadogo wembamba wanaojificha ndani ya maua. Kagua shamba mara mbili kwa wiki. Geuza majani, tikisa maua juu ya karatasi nyeupe uone kinachoanguka.

Kabla ya kupiga dawa yoyote mwone Bwana Shamba au Bibi Shamba. Soma maandishi yaliyo kwenye chupa, yote. Sasa unajua kusoma, basi usikubali kuelezwa na mwenye duka peke yake. Angalia siku ngapi zinatakiwa zipite kati ya kupiga dawa na kukata. Ua kavu hukaa sebuleni, karibu na watoto.

7. KUKATA

Hapa wengi huharibu. Ukikata mapema, vikombe havijafunguka, na vikifungwa hivyo havitafunguka tena. Ukichelewa sana, rangi hupauka kwa jua.

Kwa maua yatakayouzwa mabichi, kata wakati sehemu kubwa ya vikombe imefunguka. Kwa maua ya kukausha, ngoja kidogo zaidi, mpaka karibu vyote vifunguke na vioneshe rangi.

Kata asubuhi baada ya umande kukauka. Usikate siku ya mvua. Tumia kisu kikali, kata kijiti chini karibu na majani, lakini usiguse majani yenyewe. Mmea utatoa vijiti vingine, nawe utaendelea kukata kwa wiki nyingi.

8. KUKAUSHA

Kukausha statisi hakuhitaji mashine. Kunahitaji vitu vitatu: ukavu, hewa na giza.

Ukavu, kwa sababu unyevu huleta ukungu. Hewa, kwa sababu hewa inayopita hubeba unyevu. Giza, kwa sababu jua hula rangi. Kumbuka jambo hili, maana wengi wetu tumezoea kuanika kila kitu juani: mahindi, maharagwe, mboga. Statisi usiianike juani.

Fanya hivi:

Kwanza. Chagua vijiti vya urefu mmoja na rangi moja. Ondoa vilivyovunjika na vyenye madoa. Kijiti kimoja chenye ukungu huharibu fungu zima.

Pili. Funga vijiti 12 kwa mpira. Kamba pia hufaa, lakini vijiti vikikauka husinyaa, na kamba hulegea. Mpira hubana wenyewe. Ukitumia kamba, kaza tena baada ya siku chache.

Tatu. Ning'iniza mafungu vichwa chini, kwenye waya au fito. Yakining'inia hivyo, vijiti hukauka vikiwa vimenyooka. Acha nafasi kati ya fungu na fungu. Yasigusane, yasiguse ukuta.

Nne. Chumba kiwe na giza na matundu ya hewa juu na chini. Ghala tupu hufaa. Jiko halifai. Najua wengine watafikiria dari la juu ya meko, pale tunapohifadhi mahindi ya mbegu. Dari hilo ni kavu kweli, lakini moshi utaitia maua masizi na harufu. Hakuna mwenye hoteli atakayeweka moshi mezani.

Tano. Kagua kila siku. Baada ya wiki moja hadi tatu, kulingana na hali ya hewa, maua hukauka. Jaribu hivi: pinda kijiti karibu na mwisho. Kikijikunja, bado. Kikivunjika kwa mlio, tayari.

9. KUHIFADHI NA KUPANGA

Funga mafungu kwa gazeti, uyalaze kwenye boksi. Usikandamize. Weka boksi juu ya kichanja, mbali na sakafu na panya. Usitumie mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa kuwa unyevu mdogo uliobaki hautapata njia ya kutoka. Andika juu ya boksi: rangi, idadi ya mafungu na tarehe ya kukata.

Mwambie mnunuzi namna ya kuyatunza. Maua haya hayatiwi maji katika chombo. Yasiwekwe dirishani penye jua. Yakipata vumbi yapulizwe taratibu. Hufaa kwa mashada ya ukutani, meza za harusi, ofisi na madhabahu. Shada la kuwekwa kaburini halifai kutengenezwa kwa maua haya, kwa kuwa mvua ya siku moja italiharibu.

10. HESABU YA TUTA MOJA

Tuta lina urefu wa mita 10 na mistari 3. Mstari mmoja huchukua miche 33. Basi:

33 × 3 = miche 99

Tuseme miche 12 ilikufa. Imebaki 87. Tuseme kila mmea ulitoa vijiti 8 vizuri:

87 × 8 = vijiti 696

Fungu moja ni vijiti 12:

696 ÷ 12 = mafungu 58

Tuseme fungu liliuzwa kwa shilingi 50:

58 × 50 = shilingi 2,900

Sasa tuangalie gharama. Mbegu shilingi 650. Samadi shilingi 300. Mipira na waya shilingi 150. Nauli shilingi 500. Jumla shilingi 1,600.

2,900 − 1,600 = shilingi 1,300

Bei hizi ni za mfano tu. Andika bei za soko lako. Tena katika mfano huu hatujahesabu siku zako za kazi. Zihesabu, maana nguvu zako nazo ni mali.

Lakini tuseme chumba kilivuja, na nusu ya maua ikapata ukungu. Mafungu mazuri ni 29:

29 × 50 = shilingi 1,450

Gharama ni zile zile 1,600. Mkulima amepoteza shilingi 150. Shamba lilikuwa zuri, bei ilikuwa nzuri, ila paa lilivuja. Ndiyo maana chumba cha kukaushia kitengenezwe kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna.

11. SOMA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Siku moja mnunuzi anaweza kuja kijijini na gari. Atatoa mbegu kwa mkopo, ataahidi kununua maua yote, na ataleta karatasi. Huenda ni mtu mwema. Huenda siye. Zamani wengi wetu tungeweka dole gumba tu. Sasa tusome.

Tafuta majibu haya katika karatasi hiyo: Bei ni kiasi gani, na imeandikwa? Nani analipa usafiri? Nani anasema kama ua ni zuri au ni baya, na anasemea wapi, shambani au mjini? Malipo ni baada ya siku ngapi? Mnunuzi asipokuja siku ya kukata, itakuwaje?

Kama jibu moja halimo, omba liandikwe. Akisema, "Tutaelewana tu," mwambie, "Basi tuelewane kwa kalamu." Dai nakala yako uiweke nyumbani.

Kama maua yanapelekwa nchi za nje, lazima yakaguliwe na wakaguzi wa serikali. Kenya kazi hiyo hufanywa na KEPHIS, na Tanzania na TPHPA. Wanakikundi wajue ni nani atakayegharimia ukaguzi huo.

Na kama baada ya yote hayo gari halikuja, mkulima wa waridi angelia. Mkulima wa statisi aingie shambani na kisu chake, akate, afunge, aning'inize. Ana miezi mbele yake ya kutafuta mnunuzi mwingine. Lakini ataweza hivyo iwapo tu ana chumba kikavu, waya umefungwa, na daftari lina majina ya wanunuzi wengine.

12. KUMBUKA

- Tafuta soko kwanza.
- Lima tuta moja, usiguse shamba la chakula.
- Kata vikombe vikiwa vimefunguka, siku isiyo na mvua.
- Kausha gizani, vichwa chini, penye hewa.
- Andika kila shilingi na kila tarehe.
- Soma kabla ya kutia sahihi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini statisi hainyauki kama waridi?
2. Kwa nini hatuianiki statisi juani?
3. Katika kijiji chenu, ni chumba gani kinachofaa kukaushia maua? Kina kasoro gani?
4. Fanya hesabu ya tuta moja kama miche 30 ilikufa na bei ya fungu ni shilingi 40.
5. Andikeni pamoja mkataba mfupi kati ya kikundi chenu na mnunuzi wa maua.

MANENO YA KUJIFUNZA

Atika: panda mbegu katika kitalu.
Chavua: unga wa ua unaobebwa na nyuki.
Kichala: maua mengi yaliyoshikana pamoja.
Masizi: weusi unaoletwa na moshi.
Nakala: karatasi ya pili iliyo sawa na ya kwanza.